Fundi Picha na Hisani Yake

Fundi picha yule huu ni mwaka wake wa ishirini kwenye chumba kile kile kando ya ofisi za serikali, akipiga picha za pasipoti. Ukimwita mbaguzi atakucheka mpaka machozi yamtoke. "Mimi? Mweusi tii kama hivi, nimbague nani?" Ana desturi yake moja: kila mteja mweusi humng'arisha ngozi kidogo kwenye kompyuta kabla ya kuchapisha. Haombwi, halipwi. Mwenyewe huita hisani.

Asubuhi moja muuguzi mmoja aliingia akitweta, picha mkononi. "Fundi, umeniponza! Wameikataa. Wanasema huyu si mimi."

"Dada yangu, nimekupendezesha tu."

"Nani alikwambia sipendezi? Mwisho wa kupeleka fomu za kazi ni leo saa sita. Kazi hii nimeihangaikia miaka miwili, leo niikose kwa ubaguzi wako?"

Lo! Neno hilo lilimchoma. Akafoka kwamba ubaguzi ni kumnyima mtu nyumba ya kupanga, kumfukuza hotelini, kumtukana hadharani. Yeye katenda wema, na kweli asante ya punda ni mateke. Hata binti yake, yule pale kwenye mashine ya kuchapisha, humng'arisha pichani tangu chekechea. "Muulize! Eti mwanangu, nimewahi kukubagua?"

Binti hakuinua macho. "Mpige dada picha, baba. Muda unakwenda."

"Jibu kwanza."

"Krimu ya kujichubua nilianza kupaka darasa la sita," binti akasema. "Nilitaka nifanane na zile picha zangu ulizotundika ukutani. Uso ulipobabuka wewe ukasema ni sabuni, nami nikakuacha uamini hivyo."

Fundi alinywea. Akampiga muuguzi picha, akaichapisha kama ilivyo. Dada wa watu akatoka mbio, na bahati yake, waliipokea.

Fundi akafungua picha za binti yake kwenye kompyuta. Alitaka moja tu, amwone mwanawe alivyokuwa. Akatafuta za chekechea, za shule ya msingi, za siku ya kuhitimu. Wapi! Kila alipomaliza kung'arisha alikuwa akihifadhi juu ya picha ya mwanzo, ili kompyuta isijae. Mtoto ana miaka kumi na tisa, na baba yake, mpiga picha, hana hata picha yake moja.