Usaili wa Akalla, Kaa-Simama

Jamani, leo magoti yangu yamesailiwa kuliko mdomo!

Nabandika hapa ubaoni, kwenye jiko letu la pamoja, nisije nikamhadithia kila mtu peke yake.

Mnajua dada Rehema kaninoa wiki nzima: "Mtu akiingia, simama. Usikae kama uko kwenu."

Basi nikaenda mtaa wa Akalla, kwenye shule inayotafuta msaidizi wa mwalimu.

Mwalimu mkuu akaingia, nikasimama. Mwalimu wa darasa la kwanza akaingia, nikasimama. Wakatazamana. Huku ughaibuni hawajazoea mambo hayo.

Mlango ukafunguka tena. Nikaruka wima kama askari!

Kumbe ni mtoto wa kike, anatafuta glavu yake.

Akanitazama juu mpaka chini. "Umesimama kwa ajili yangu?"

Nikamjibu kwa heshima: "Ndiyo, kwa ajili yako."

Akatoka mbio. Punde si punde, foleni mlangoni! Darasa zima likaingia, mmoja mmoja, nami kaa, simama, kaa, simama.

Mwalimu mkuu akafuta machozi ya kicheko. "Unaweza kuanza Jumatatu?"

Nikakubali nikiwa nahema.

Haya, andikeni hapa chini: kati yangu na dada Rehema, nani kapata kazi?