Nilichagua exhaust ya cruiser kwa kusikiliza kila mtu isipokuwa cucu wa Murera

Wakuu, salamu popote mlipo.

Ninayoandika hapa ni ya kweli. Mnaweza kuamini kwa sababu moja rahisi: yananionyesha mimi mjinga, na sijawahi kuona mtu akitunga uongo ili ajiaibishe mwenyewe.

Naona kila wiki mtu anafungua uzi humu akiuliza, "Niweke exhaust gani kwa cruiser yangu?" Majibu huwa ni video ishirini na ugomvi. Wacha nami nitoe yangu.

Niko na pikipiki, cruiser ya Kijapani, 650, V-twin, used. Mwenyewe wa kwanza aliitunza kama yai. Exhaust yake ya kiwanda, yaani bomba la moshi, ni ndefu, nzito, inang'aa, na imetulia kabisa. Ukisimama kwa lights unamsikia mtu wa boda kando yako akidanganya mteja kwa simu kwamba amefika.

Huo utulivu ndio ulileta shida.

Mimi ni member wa group ya cruisers pale Ruiru. Tuko kumi na mmoja. Chairman wetu anakaa Membley, anauza insurance, na pikipiki yake husikika barabarani ikiwa bado ndani ya gate ya estate. Siku ya kwanza nilipofika, aliizunguka yangu mara mbili, akainama, akaweka sikio karibu na tank.

"Engineer," akasema, "hii friji umeiwasha?"

Kuanzia siku hiyo ikaitwa Friji.

Ningevumilia, lakini ruracio yangu ilikuwa wiki tatu mbele. Kwa wasio wa kwetu: ni siku ambayo mwanaume na watu wake wanaenda kwa wazazi wa msichana kuomba ruhusa ya kuoa. Bila hiyo siku, hakuna harusi. Mimi na Wambui tulikuwa tumeingoja miaka minne: kwanza nimalize university, halafu nipate kazi, halafu baba yake apone mguu. Group ilikuwa imejitolea kunisindikiza mpaka kwao Murera, pikipiki zote.

"Huwezi kuenda kwa wakwe na friji," Chairman akasema. "Watafikiri umewaletea maziwa."

Sasa mnijue kidogo. Mimi ni mtu wa kuuliza. Sunday school nilitolewa nje kwa kuuliza kwa nini Nuhu hakuwaacha mbu wakazama. University nilisoma mechanical, nikagundua kwamba tabia ile ile iliyonitoa nje huku inaweza kukupa degree kule. Kwa hivyo sikuwa tayari kupokea exhaust kwa imani. Nilianza uchunguzi.

Kwanza ile dini ya "loud pipes save lives", kwamba bomba la kelele linaokoa maisha. Niliwauliza kwa group: kelele inatoka nyuma ya pikipiki, na gari linalokugonga huwa mbele yako, likikata kona. Dereva amefunga madirisha na anasikiliza redio. Sasa hapo tunaokoa nani, aliye nyuma yetu?

Halafu Chairman akaandika: "Engineer, wewe siku ya kubatizwa uliuliza maji yana pH gani."

Pili, jinsi hawa watu wanavyochagua. Mtu anarekodi pikipiki yake kwa simu, anatuma voice note, nawe unaisikiliza ukiwa umejifungia choo cha kazini, kwa spika ndogo kama kifungo cha shati. Kisha unajibu, "Hiyo iko na bass."

Bass gani, wakuu. Hiyo spika haitoi bass hata ukiipigia magoti.

Tatu, nguvu. Member mmoja aliapa kwamba exhaust yake mpya ilimwongezea horsepower kumi. Nikamuuliza alipima wapi. Akasema, "Nilisikia kwa kiti."

Basi nikafanya yangu. Kuna slip-on, ambapo unabadilisha kipande cha nyuma peke yake. Kuna full system, unabadilisha kuanzia kwa engine. Na kuna straight pipe, ambayo ni bomba tupu, bila baffle, yaani bila kile kifaa cha ndani kinachovunja kelele. Nilisoma kuhusu carburetor za umri wa yangu. Nilichora graph. Niliweka app ya kupima decibel, nikapima pikipiki zote za group, na ya jirani, na kwaya ya kanisa letu.

Baada ya siku nyingi jibu lilikuwa wazi kabisa. Kwa pikipiki yangu na matumizi yangu, exhaust bora ilikuwa ile ya kiwanda.

Nikaenda Makongeni, Thika, kuweka straight pipe.

Msinicheke. Mtu anaweza kuwa na graph na bado akataka kupendwa.

Fundi anaitwa Karis. Anafanya welding nyuma ya maduka, na nafikiri ametengeneza gate za nusu ya Thika. Alinisikiliza nikimweleza mambo ya exhaust flow mpaka nikaishiwa na pumzi.

"Unataka nguvu ama unataka kelele?" akauliza.

"Nataka sauti."

"Hiyo ni kelele. Sauti ni ya kwaya."

Lakini alifanya kazi safi. Alikunja mabomba mawili, akachoma, akasugua mpaka ukajiona usoni. Ile ya kiwanda aliiegemeza ukutani, nikamwambia nitaikujia. Tulipowasha, mabati ya jirani yalitetemeka, na mama wa duka ng'ambo akashika trei yake ya mayai kwa mikono yote miwili.

Nitasema ukweli kwa sababu niliahidi. Niliipenda. Kutoka Thika kuja Ruiru nilikuwa mtu mwingine. Kwa Juja nilipita chini ya daraja, nikageuka, nikapita tena ili niisikie vizuri.

Ndiyo, ilipoteza nguvu ya chini kama graph ilivyosema. Kwa mlima ilikohoa. Petroli ilikwisha haraka. Na kila nikiachilia accelerator ilipiga milio kama ya bunduki: pa, pa, papapa. Group ilipenda hiyo zaidi ya kila kitu.

"Sasa umekuwa mtu," Chairman akaniambia.

Nilipoipeleka mpaka chini ya flat yake, Wambui hakushuka mbio kuiona. Alishuka polepole, amekunja mikono.

"Hii ndiyo utaenda nayo kwetu?"

"Ndiyo hii."

"Cucu hapendi kelele ya pikipiki."

Cucu ni nyanya yake, mama ya baba yake. Anakaribia miaka themanini, na boma ni lake. Nilimwona mara mbili tu, mama mdogo wa mwili, mwenye macho yanayokukagua viatu.

"Hapendi kuanzia decibel ngapi?" nikasema, nikacheka.

Wambui hakucheka. "Nimekuambia," akasema, akarudi juu.

Wakuu, mimi niliyesumbua walimu kuhusu mbu wa Nuhu, hapo sikuuliza kwa nini.

Siku ikafika. Desturi ni kwamba wageni mkifika mnakuta gate imefungwa. Wanawake wa upande wenu wanaimba nje, wa upande wao wanajibu kutoka ndani, wanabishana kwa nyimbo mpaka wenyeji waridhike na kufungua. Mama yangu na shangazi zangu walikuwa wametangulia kwa van, na walikuwa kwenye wimbo wa tatu tulipoingia sisi, pikipiki kumi na moja, vumbi mpaka kwa mti wa avocado.

Chairman alikuwa na wazo. "Tuwasaidie na chorus," akasema.

Tukajipanga mbele ya gate na tukavuta accelerator wote pamoja. Yangu ilimaliza na ile yake: pa, pa, papapa.

Nyimbo za ndani zikakatika. Chairman akaninyooshea kidole gumba. Alidhani wameduwaa.

Kisha tukasikia mlango wa nyumba ukifungwa, na komeo.

Tulingoja dakika kumi. Tukangoja nusu saa, kwa jua, ndani ya jacket za ngozi. Mama yangu aligeuka akaniangalia vile aliniangalia siku ile ya Nuhu.

Mwishowe Wambui akatoka kwa ule mlango mdogo wa gate, nguo yake mpya ikiwa imelowa mbele.

"Cucu amemwaga maji kwa moto," akasema. "Moto wa chakula chenu. Amekusanya watoto wote wa boma, amewaketisha chini nyuma ya kitanda chake, na anawaambia wanyamaze."

Nikauliza kwa nini. Nimechelewa, lakini nikauliza.

Miaka ya hamsini, wakati wa Emergency, ile Hali ya Hatari ya wakoloni, Cucu alikuwa mtoto wa miaka saba au nane. Walikuwa wamehamishwa na kufungiwa kwa kijiji, upande wa mashamba ya kahawa ya Ruiru, kijiji cha kuzungushiwa mtaro uliopandwa miti iliyochongwa ncha. Kulikuwa na afisa mmoja mzungu, kijana tu, mwenye pikipiki kubwa. Alikuwa ameikata bomba la nyuma makusudi ili isikike mbali. Ilitangulia yeye, lori likafuata. Ukiisikia ilikuwa ni msako. Mama yake Cucu alimwaga maji kwa moto, akawaketisha watoto nyuma ya kitanda, wakanyamaza.

Siku moja lori liliondoka na baba yake. Aliporudi, miaka ilikuwa imepita mpaka Cucu hakumjua. Alimpa maji ya kunywa kama mgeni.

"Baba anasema mrudi nyumbani," Wambui akamaliza. "Hawezi kupokea wageni mama yake akiwa amejificha."

"Tutarudi lini?"

"Sijui kama mtarudi."

Aliingia, gate ikafungwa. Tuliondoka mmoja mmoja, polepole kabisa, kama watu wanaotoka msibani. Na hata hivyo yangu ilipiga moja ya mwisho kwa kona. Pa.

Jioni hiyo kwa group mtu mmoja akaandika, "Cucu si angepewa earplugs." Wakaweka vikaragosi vya kucheka. Nilisoma, nikaona kwamba wiki mbili zilizopita ningeandika hivyo mimi, tena na kiwango cha decibel.

Jumatatu nilienda kwa Karis kuchukua exhaust ya kiwanda. Akakuna kichwa, akanipeleka nyuma. Alikuwa ameifanya chimney ya nyumba ya vifaranga.

"Nilidhani umeikataa," akasema.

Alinirudishia. Mpaka leo ikipata moto inanuka kuku.

Jumamosi iliyofuata nilienda Murera kwa miguu kutoka stage ya matatu. Cucu alikuwa nje akitoa maharagwe kwa maganda. Wambui aliketi kando yake na hakuniangalia. Tuliongea Kikuyu, naandika Kiswahili ili watu wa Pwani wasiachwe nje.

"Ni wewe mwenye ile kitu?"

"Ni mimi, cucu."

"Ilitoka dukani ikipiga hivyo?"

"Hapana. Ilikuwa imenyamaza. Niliibadilisha."

"Uliisikiliza kwanza?"

"Nilisikiliza nyingi sana."

"Na katika hizo zote ukachukua hiyo."

"Ndiyo."

Akafungua ganda, akatoa maharagwe, akafungua lingine.

"Yule kijana wa mzungu aliandikwa kazi ya kututisha," akasema. "Wewe ni nani alikuandika?"



Nilimwomba msamaha. Akasema kwa desturi mgeni akikosea kwa gate anatozwa faini. Nikatayarisha akili yangu kwa mbuzi. Akasema mbuzi hana makosa. Faini yake ilikuwa hii: tukirudi, tuzime kwa lami, pikipiki zote, tuzisukume mpaka kwake. Na safari hii wimbo uimbwe na sisi wenyewe, si mama zetu.

Kutoka lami mpaka kwa Cucu ni murram, na ni mlima.

Nataka muone hiyo picha. Wanaume kumi na mmoja, jacket za ngozi na mafuvu mgongoni, wanasukuma chuma chenye uzito wa ng'ombe wa maziwa, wanaimba wimbo wa kuombea gate ifunguliwe, na hakuna hata mmoja anayejua ubeti wa pili. Watu wa Murera walitoka kwa mashamba kutuangalia. Mama mmoja aliuliza kama zote zimeharibika siku moja.

Cucu alikuwa amewekewa stuli ndani ya gate. Tulipomaliza kuimba akasema, "Rudieni. Yule mnene wa mafuvu hafungui mdomo."

Chairman akafungua mdomo. Alirudia mara tatu. Gate ikafunguliwa, na aliyeifungua ni Cucu mwenyewe.

Baada ya chakula, wazee walipomaliza mazungumzo na mambo yakakubaliwa, Cucu alikuja akasimama kando ya pikipiki yangu. Akasema niiwashe. Wambui akamshika mkono. Nikawasha.

Cucu akageuza kichwa kidogo, akasikiliza.

"Imewaka?"

"Imewaka, cucu."

"Basi kuja nayo siku yoyote."

Nilichojifunza ni kifupi. Nilipima kila kitu kuhusu exhaust, isipokuwa mtu atakayeisikia bila kuichagua. Na nilikuwa nimeambiwa kwa mdomo, na mtu ninayetaka kuoa, nikamjibu na mzaha.

Straight pipe zangu sasa ndizo chimney kwa Karis. Anasema vifaranga hawajalalamika.

Wenye kelele, uwanja ni wenu, nitukaneni. Ila kabla ya kuandika, kila mmoja aseme kwanza: wewe ni nani alikuandika?