Mbwa Anaogopa Nini?

Juzi nilimsindikiza jirani yangu, mwalimu hapa Kamunyonge, kutafuta mahali pa kumwacha mbwa wake mchana akiwa kazini. Kwenye banda la kwanza alimuuliza mtunzaji, "Ukienda kula, nani anabaki na mbwa hawa?"

"Mama, hawa wanakaaga tu wenyewe."

Jirani alipapasa sikio la mbwa wake, lililochanwa na mbwa wengine mahali kama hapo, akageuka bila kubishana.

Kwenye banda la pili, dada mmoja alitoka katikati ya mbwa, akanyoosha mkono kabla hatujauliza lolote. "Shikamoo mama. Naomba kadi ya chanjo. Halafu, anaogopaga nini?"

"Marahaba. Radi," jirani alijibu, akamkabidhi kamba.

Mimi nimesomesha watoto wanne, na hakuna shule iliyowahi kuniuliza swali hilo.