Mguu wa Mkwezi

Siku yangu ya kwanza katika kazi hii niliamkia mifupa. Niliingia chumba cha mafunzo asubuhi na mapema, moyo unanidunda kama mchi kinuni, nikamwona mtu kasimama pembeni kavaa koti jeupe, kanipa mgongo. Nikasema, "Shikamoo." Kimya. Nikarudia kwa sauti ya adabu zaidi. Kimya. Nikamzunguka ili anione, nikakuta hana uso. Kilikuwa kiunzi cha mifupa ya binaadamu, kimetundikwa kwenye chuma, na koti la mkufunzi limeangikwa juu yake. Wenzangu wanasema nilipiga ukelele uliosikika hadi kisiwa cha Chumbe. Si kweli. Uliishia Forodhani.

Basi nyinyi vijana mnaoniuliza tulisomaje ufundi wa kuwahudumia wanamichezo, anzeni hapo. Tulisoma kwa hofu. Mimi kabla ya hapo nilikuwa mbeba machela hospitali. Baada ya Mapinduzi, yalipofunguliwa masomo ya usiku kwa watu wazima, nami nikajitoma, nikawa nasoma kwa taa ya karabai, nasinzia mpaka pua inaandika yenyewe daftarini. Nilipohitimu, nikasikia chuo kinatafuta watu wa kufunzwa kutibu majeraha ya michezo. Mpira ulikuwa umeenea kila mtaa, shule zote zinapiga mbio na kuruka, na madaktari hawakutosha hata wodini, sembuse kukaa pembeni ya uwanja. Nikasailiwa, nikakubaliwa. Nadhani walipenda mabega yangu.

Mkuu wa mafunzo tukimwita Ndugu Mkufunzi. Miaka ile neno bwana tulikwisha kuliweka kabatini, kila mtu alikuwa ndugu, hata anayekutia homa. Alikuwa mtu wa Malindi, kasomea Ulaya, karudi na baridi ya huko kwenye sauti. Hakuwahi kugomba. Akikutazama tu, unakumbuka dhambi zako zote tangu chuoni kwa maalimu wa Kurani.

Yeye ndiye aliyetufundisha kano, yaani zile kamba ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa. Kano ikivutwa kupita kiasi, kiungo kimeteguka. Mfupa ukikatika, hilo jambo jingine, na ole wako uchanganye mawili hayo. Alitupa maneno manne ya dakika za mwanzo: pumzisha, poza, funga, inua. Mtu akianguka uwanjani, mpumzishe. Mpoze kwa barafu. Mfunge bendeji. Mwinue mguu juu ya mto. Tuliyakariri mpaka nikawa nayasema usingizini, na mke wangu, Bi Asha, akadhani nimerogwa.

Kituo cha kwanza walinipeleka wodini kwa Sista Mkuu, mwanamke mpole wa kutisha. Alinifungisha bendeji kwenye mguu wa meza wiki nzima mpaka meza ikapona. Kutoka hapo nikapelekwa skuli moja ya mtaa wa Ng'ambo kwenye mazoezi ya viungo, nikawafunga watoto magoti. Kisha ndipo ukaja mtihani wenyewe. Kila mwanafunzi alikabidhiwa timu ya mpira ya msimu mmoja, na Ndugu Mkufunzi akaahidi kuja mwenyewe kutukagua uwanjani.

"Nitachagua mgonjwa wako mmoja," aliniambia. "Akitoka uwanjani mzima, umepita. Akitoka anachechemea, na wewe utatoka chuoni unachechemea."

Timu yangu ilikuwa ya huku kusini mwa mji, na mchezaji wake wa pembeni kulia alikuwa kijana wa Mbweni akiitwa Vuai. Mpira ulikuwa mapenzi yake, lakini kazi yake ilikuwa ukwezi. Akipanda minazi ya watu, akiangua nazi na madafu, na kwa hiyo kazi akimlisha mama yake na wadogo zake. Alikuwa na mbio, Mungu wangu. Nimeshuhudia akipiga kona, akakimbia, akaifunga mwenyewe. Karibu hivyo.

Nusu fainali tulicheza Mkokotoni, kwenye uwanja wenye shimo ambalo wenyeji wote walilijua ila sisi. Vuai akakanyaga humo. Mguu ukapindukia ndani, akaanguka, na nilipofika kifundo kilikuwa kinavimba mbele ya macho yangu kama andazi kwenye mafuta. Nikabonyeza mfupa huku, nikabonyeza huku. Mfupa mzima. Kano za nje ndizo zilizochanika.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Ndugu Katibu wa timu, mzee mnene mwenye kofia ya viua ambayo hakuivua hata kwenye mvua, alikwisha kuagiza maji ya moto na mafuta ya karafuu. Kwetu mguu ukiteguka unakandwa na kuchuliwa papo hapo, tena unachuliwa kwa nguvu, mgonjwa akilia ndiyo dawa inaingia.

Nikamwambia kwa heshima zote kwamba kukanda ni kuzuri ila kuna siku zake. Leo damu inavuja ndani, ukiipa moto unaifungulia mfereji. Ngojeni uvimbe utulie. Akanitazama kama niliyemtukania babu yake. Vuai naye meno yanamgongana kwa maumivu, lakini akanishika shati akasema nifanye ninavyojua, bora apande tena. Hakusema bora acheze. Alisema apande.

Barafu nilipata kwa mchuuzi wa samaki, donge limeshikamana na magamba ya samaki changu. Nikalifunga kwenye kitambaa nikamwekea.

"Mwalimu," Vuai akasema, "mguu utaninuka changu?"

"Utakunuka changu, lakini utakuwa mguu."

Tulipomrudisha Mbweni, mama yake, Bi Mize, alitupokea mlangoni. Hakulia wala hakulaumu mtu. Aliutazama mguu, akanitazama mimi, akasema, "Mwanangu, mie mpira siujui. Nnachokijua, huyu asipopanda, chungu hakikai jikoni."

Maneno hayo niliondoka nayo na sikuyatua. Cheti sasa kilikuwa kitu kidogo. Kano iliyochanika ikiharakishwa hulegea maisha, na mkwezi mwenye kifundo kilicholegea ni mtu anayengoja kuanguka kutoka juu. Nikila, naona Vuai anaanguka mnazi. Nikilala, anaanguka. Nilikonda mpaka Bi Asha akanishonea suruali upya mara mbili.

Siku za mwanzo nilimpelekea barafu kwa baskeli kutoka mjini, nimeizungushia gunia na unga wa mbao. Naondoka na donge ukubwa wa mbuzi, nafika nina donge ukubwa wa yai, na mgongo umelowa hadi viatuni. Uvimbe ulipotulia ndipo nikaruhusu maji ya moto, Ndugu Katibu akafurahi, akawaambia watu kuwa hatimaye mtoto wa chuo kasikia. Kisha likaja zoezi la kukirudishia kifundo uhai. Mgonjwa anakaa, ananyanyua mguu, anaandika herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu, a mpaka z. Tatizo, Vuai hakujua kusoma. Nikamfundisha. Leo irabu, kesho ba be bi. Wadogo zake wakikaa mbele wanabahatisha mguu umeandika nini. Nasema bila kuogopa kwamba ndiye mtu pekee Unguja nzima aliyeanza kusoma kwa unyayo.

Nusu fainali ile tulishinda bila yeye, na fainali ilipokaribia, mguu ulikuwa umepona kiasi cha kukimbia ukiwa umefungwa vizuri, si zaidi. Nilimwambia Ndugu Mkufunzi hivyo hivyo: akimbie, apige mpira, lakini asiruke kutoka mahali pa juu. Kutua kwa kishindo ndiko kutakakozichana kano tena. Akaandika, akasema huyo ndiye mgonjwa atakayemkagua.

Siku yenyewe tulifika uwanjani, uwanja wa mjini wenye ukuta wa mawe na chokaa unaompita mtu urefu. Nikaelekea mlangoni na sanduku langu la bendeji. Ndugu Katibu akanivuta shati.

"Mlangoni hapapitiki. Pamefanywa kazi pale."

Hapa niwaeleze wageni. Kila timu ilikuwa na kamati yake ya ufundi, na ufundi huo haukuwa wa kupiga mpira. Hao ndio waliojua nani kafukia nini wapi. Wapinzani wakishaushughulikia mlango kwa uganga, timu haipiti, inaingia kwa ukutani. Wachezaji wanapanda, wanarukia ndani, mguu wa kushoto mbele.

Nikamwomba amruhusu Vuai peke yake apite mlangoni.

"Mmoja akipita, tumepita wote," akasema. "Au chuoni mnafundishwa kuuza mechi?"

Neno kama hilo, miaka ile, mbele ya watu, halikuwa la mzaha. Nikamgeukia Vuai nikidhani atakataa, kumbe mwenyewe keshavua viatu kavitundika shingoni.

"Kupanda ndo kazi yangu, mwalimu."

"Kupanda sawa. Na kushuka?"

Mnazi hushuki kwa kuruka, unaukumbatia mpaka chini. Ukuta ule haukuwa na cha kukumbatia. Vuai akaupima ukuta kwa macho. Aliogopa kuruka, lakini mlango aliuogopa zaidi, na sikumlaumu. Hata mimi mwenye cheti cha masomo ya usiku nilikuwa nautazama kwa pembeni.

"Basi nitambeba," nikasema.

Kamati ikakaa kitako kwenye kivuli cha ukuta kujadili kama aliyeingia mgongoni kwa mtu ameingia. Refa anapiga filimbi ndani, wao wanajadili. Mwishowe Ndugu Katibu akatoa hukumu kuwa yafaa, mradi mbebaji atangulize kushoto.

Wakatusukuma. Nikakaa juu ya ukuta kama farasi wa mawe, Vuai kaning'ang'ania shingo, uwanja mzima unatutazama. Kule chini, kwenye kiti cha mbao karibu kabisa na ukuta, alikaa Ndugu Mkufunzi. Nikasoma Bismillahi, nikaruka. Nilitua kwa kushoto kama nilivyoamriwa, na kifundo changu kikalia *ta*, kama muwa unaovunjwa.

Vuai akashuka mgongoni taratibu, kama abiria. "Umeumia, mwalimu?"

"Sijaumia. Nenda ukacheze."

Akaenda. Mimi nikabaki nimekaa pale pale, jasho linanitoka mpaka la kucha. Kivuli kikanijia. Alikuwa Ndugu Mkufunzi.

"Yule ndiye mgonjwa wako?"

"Naam, ndiye."

"Na wewe?"

"Mie mgonjwa mpya."

Akakokota kiti chake akakaa mbele yangu. "Basi tuanze. Bonyeza mfupa, niambie unasikia nini."

Hivyo ndivyo nilivyofanya mtihani wangu, kwenye mguu wangu mwenyewe, huku mechi inachezwa. Ananiuliza kano gani, najibu. Ananiuliza nitajuaje kama si mfupa, najibu. Lakini kila watu wakipiga kelele nageuza shingo kumtafuta Vuai, na kila Vuai akipaa kwa mpira wa kichwa mimi naacha kupumua mpaka atue. Mwisho Ndugu Mkufunzi akasema, "Tazama mguu wako."

"Ndugu," nikamwambia, na sijui ulimi niliupata wapi, "mguu wangu haupandi minazi."

Alivuta kiti upande ili nione uwanja.

Kipindi cha pili Vuai akaanguka, akaushika mguu. Wallahi sikumbuki nilivyosimama. Niliingia uwanjani kwa mguu mmoja, naruka kama panzi, sanduku mkononi, na watu wote wanacheka. Nikamkuta amekunja uso, ameshika nyuma ya mguu, chini ya goti. Nikabonyeza kifundo kwanza. Hakuna kitu. Msuli tu, msuli wa shavu la mguu umemkaza kwa kukimbia. Nikamsukuma vidole vya mguu kuelekea kwake, nikahesabu pumzi, ukalegea. Akainuka. Akanipa bega lake, yeye ndiye aliyenitoa nje.

Tulifungwa, bao moja. Ndugu Katibu alieleza sababu mtaani kote: timu ina miguu ishirini na miwili, siku ile ilirukia ndani miguu ishirini tu, hesabu haikutimia. Ndugu Mkufunzi hakuniambia nimepita wala nimeanguka. Aliushika mguu wa Vuai, akauzungusha huku na huku, akamwambia atembee, akamtazama akitembea, akaondoka.

Asubuhi ya pili nilipanda gari la ng'ombe la mtu aliyekuwa akienda Mbweni, mguu wangu umefungwa mara tatu ya ilivyohitajika. Sikuwa na la kufanya kule. Nilitaka kuona tu. Bi Mize alikuwa nje anapepeta mchele. Nikamwamkia, "Shikamoo, Bi Mize." Akaitika, "Marahaba," akaelekeza ungo juu. Nikainua uso. Vuai alikuwa karibu na makuti, kifundo kimejibana kwenye shina la mnazi, kisu mdomoni, anashindwa kuniamkia kwa sababu ya kisu. Nikasimama pale mpaka akashuka, hatua baada ya hatua, ukanda wa kamba miguuni, na alipofika chini ndipo nikaweza kukaa.

Cheti kilikuja baadaye. Nilipelekwa skuli na timu nyingi baada ya hapo, chini ya wakuu wengine wengi, nikafunga vifundo ambavyo vikipangwa mstari vitafika Nungwi na kurudi. Nimestaafu. Siku hizi mnayo madawa ya kupuliza, mnazo mashine, na ni vizuri, tumieni. Mie nakaa nyumbani natazama mpira kwenye televisheni. Mchezaji akianguka, hata wa Brazili, mie nshasimama. Bi Asha huniambia, "Kaa, bwana wee, huyo ana madaktari wake." Kweli anao. Lakini sijui nyumbani kwao ni nani anayengoja chungu kikae, kwa hiyo nasimama mpaka ainuke.