Mama Alipochorwa Akiwa na Gunia Lake

Jirani anapaka rangi geti lake, na ile harufu kali ya mafuta imeingia mpaka jikoni kwangu. Imenirudisha Goma, zama za Zaire, nikiwa na miaka tisa, ndani ya salle ya parokia, ukumbi uliojaa michoro ukutani.

Mchoraji alitoka Kinshasa, akafikia kwa mapadri. Mama yangu ndiye aliyewapelekea viazi vya Masisi, gunia mgongoni, kamba yake ikipita juu ya paji la uso, kama wabebaji wote wa mtaa wetu wa Majengo. Asubuhi moja yule bwana alimwomba asimame amchore. Mama akataka kwanza aende nyumbani kubadilisha kikwembe, kile kitenge cha kujifunga. Mchoraji akakataa, alimtaka vilevile, na gunia lake. Mama alirudi amenuna, akatuambia mtu huyo hana adabu. Hata hivyo alisimama asubuhi tatu.

Siku ya maonyesho, baada ya misa, alivaa kikwembe kipya na kujipaka mafuta hadi uso ukang'aa. Alitazamia kitu kama picha ya studio. Tukamkuta mwanamke wa kijani, amekunjika kama kiwiko, jicho moja, na mstari mweupe ukimkata paji kutoka sikio hadi sikio. Chini yake, jina la mama. Majirani walicheka. Mmoja aliuliza kama yule ni mutu au kinyonga. Nilitamani ardhi ipasuke, nikamvuta kikwembe.

"Mama, twende. Huyu si wewe."

Hakusogea. Alitazama muda mrefu, kisha akapeleka vidole kwenye paji lake, pale kamba ilipochimba.

"Ni miye," alisema. "Aliona kamba."

Mchoraji akasogea, akamuuliza kama amekasirika. Mama akamjibu kwamba maadamu rangi ilikuwepo, angemwekea yule wa pichani na jicho la pili. Wakacheka wote wawili.

Wiki ile nzima aliwaleta wabebaji wenzake. Waliacha magunia mlangoni, wakaingia mikono nyuma, na mama akawaeleza kila rangi kana kwamba ameichanganya mwenyewe.

Mimi niliona haya mpaka maonyesho yakafungwa. Nilikuwa tayari nina watoto wangu nilipoelewa. Miaka tisa nilikuwa nimelala ubavuni mwa mama, nikimwona kila asubuhi akiamka, na ule mfereji kwenye paji lake nilidhani mama wote huzaliwa nao. Mgeni wa asubuhi tatu ndiye aliyejua umetoka wapi.