Uso wa Mama Kwenye Kioo Kidogo

Picha hiyo niliipiga mwenyewe, nyumbani Ndalu, siku ambayo mama alikuwa akichambua maharagwe mlangoni pa jiko. Hakupenda kupigwa picha. Akiona simu imetolewa aligeuza uso au alijifunika kwa leso. Siku hiyo nilimwahi. Nilimwambia kuku wake ameingia chumbani na kulala kitandani kwangu. Akaanza kucheka, na kabla hajamaliza nikabonyeza.

Alicheka mdomo wazi, pengo la chini likaonekana. Mama aling'olewa meno mawili ya mbele, ya chini, akiwa msichana, kama walivyong'olewa wengi wa rika lake. Yeye na mdogo wake waliketishwa bega kwa bega kwenye gogo, siku hiyo hiyo moja, na alikuwa akituambia kwamba hakulia kwa sababu mdogo wake alikuwa anamwangalia. Sisi watoto wake tuna meno yote. Tulipokuwa wadogo tulidhani pengo ni kitu ambacho mtu hupata akishakuwa mama.

Simu yenyewe niliinunua Kitale ikiwa imeshatumiwa na mtu mwingine. Kioo chake ni kidogo na hakina nguvu; ukitoka nayo juani huoni kitu ila uso wako. Mimi hushona nguo katika kibanda Matisi. Niliacha masomo darasa la saba, na simu kwangu ilikuwa ya kupiga, ya kupokea pesa, na ya kuangalia mtindo ambao mteja anautaka. Muuzaji wa simu wa kibanda cha pili alikuwa akinicheka.

"Mama, hicho kioo ni kama dirisha ya choo. Chukua hii. Hii iko na vidoti mingi, hata manyoya ya kuku unahesabu."

"Nikishahesabu manyoya ya kuku, ndio nini?"

"Si ni vizuri tu kujua iko ngapi."

Niliona ni maneno ya kuuza. Picha ni picha. Nikikosa wateja mchana nilikuwa naifungua ile ya mama, naye alikuwa hapo mzima: macho yamebanwa na kicheko, mikunjo ya mashavu, pengo. Sikuona kitu kinachokosekana.

Mama alifariki wakati wa kupalilia mahindi, katika hospitali moja Bungoma, akiwa amelala kama mtu aliyechoka na kazi. Tulikutana nyumbani kwa kaka yangu mjini, kupanga mazishi. Siku hizi kwetu mtu hazikwi bila picha. Kuna bango la langoni, kuna tisheti za jamaa, kuna kijitabu cha ibada, na kuna ile kubwa ya fremu ambayo mjukuu huibeba mbele ya jeneza kutoka uani hadi kaburini. Watu huifuata hiyo. Hata sijui ilianza lini, lakini sasa ikikosekana inaonekana kama mlimtupa mtu wenu.

Kwa wazee wengi hutumika picha ya kitambulisho. Cha mama kilikuwa kimekaa kwenye kifundo cha leso miaka mingi hadi uso ukafutika. Ilibaki shingo na kola ya gauni. Nikasema ninayo nyingine, nzuri, nikamtumia kaka kwa wasapu.

Kaka anafanya kazi ya ofisi na simu yake ni pana, kioo chake kinawaka kama maji. Aliifungua, akainamia, akaikuza kwa vidole.

"Dada," akasema, "hii picha haina macho."

"Ati haina?"

"Angalia mwenyewe."

Nikaweka simu yangu mezani kando ya yake. Picha ilikuwa ile ile. Kwangu mama alikuwa anacheka. Kwake kulikuwa na leso, mlango wa jiko, ungo, na pale penye uso palikuwa na vipande vya rangi, kahawia na kijivu, kama viraka vilivyounganishwa na mtu asiyejua kushona. Macho yalikuwa madoa mawili tu. Pengo lilikuwa doa la tatu. Kaka alisema simu yangu haikuwahi kuchukua uso, ilichukua hivyo vipande, na udogo wa kioo ndio uliovificha.

Nikarudi kwenye kioo changu ili nimhakikishie. Ndipo nilipoogopa. Mama hakuwepo tena. Viraka vilikuwa hapo pia, vidogo, vimejificha, na sasa nilikuwa nimeshaonyeshwa. Nilijiuliza ni nani niliyekuwa nikimwangalia mchana kutwa kibandani.

Tuliipeleka kwa fundi wa picha pale mjini. Hakuona shida. Aliiingiza kwenye kompyuta, akasema kuna programu inayosafisha nyuso, inajua yenyewe uso unavyokaa. Tulisimama nyuma ya kiti chake. Kwanza ngozi ilinyooka. Halafu pale penye madoa mawili yakafunguka macho, polepole, yakatuangalia. Yalikuwa na kope, na ndani ya kila jicho kulikuwa na nukta ya mwanga, kama vile mbele ya mama kulikuwa na dirisha. Mama alikuwa ameipa nyumba kisogo, mbele yake ni shamba tupu. Mwisho mdomo ukajaa meno. Juu na chini, yamepangwa sawasawa.

"Mama amependeza," kaka akasema, na macho yake yalikuwa na machozi.

"Meno," nikasema.

"Meno yamefanya nini?"

"Ziondoe. Hizo mbili za chini."

Fundi alijaribu. Kila alipoyafuta, programu iliyarudisha. Akayafuta kwa mkono, ikabaki shimo jeusi lenye kingo kali, na yule mwanamke akaonekana kama mtu aliyepigwa. Kaka akageuza uso. Fundi akasema, "Mama, mashine inajua mdomo iko na meno. Haiwezi elewa hii yenu." Gari la mochari lilikuwa limeshaagizwa na hema limeshafungwa Ndalu. Kaka akaniambia kwa upole kwamba watu watajua ni nani, jina si limeandikwa chini? Nilisema huyu si yeye. Nilisema hivyo mara nyingine tulipokuwa tunatoka. Kazi ikachapwa.

Nilifika Ndalu nikamkuta yule mwanamke wa picha ametangulia. Alikuwa langoni, mkubwa kuliko mtu, anaangalia barabara. Nilipopita nilihisi ananiangalia, na nilipofika jikoni nikageuka, alikuwa bado ananiangalia, ingawa bango lilikuwa limeelekea upande mwingine. Upepo ulikuwa umelipinda kidogo. Jamaa walikuwa wamevaa tisheti. Uso ulikuwa umechapwa mgongoni. Ukimfuata shemeji kwenda kisimani, mwanamke yule anakuangalia njia nzima. Ukikaa nyuma ya waimbaji, anakuangalia akiwa safu nzima, na wakivuta pumzi ya kuimba mashavu yake yanajaa.

Watu walimlilia. Jirani aliyepanda viazi na mama kwenye mpaka mmoja tangu sijazaliwa alishika nguzo ya bango akamwita kwa jina, na yule mwanamke akaendelea kumchekea kwa meno yake yote. Nilitaka kumwambia jirani aache, hamjui huyo. Nikaona nitamwongezea uchungu tu.

Kilichonikaa moyoni ni ile fremu. Ilikuwa sebuleni, imefunikwa taulo, inangoja saa ya kubebwa. Mama hakuwa amebakiwa na kitu kingine hapa duniani chenye uso wake. Kama angetolewa kwake akimfuata mgeni, nilifikiri, basi tungekuwa tumemzika mgeni, na mama tungemwacha mahali ambapo hatupajui. Sikuwa na maneno ya kumweleza kaka jambo hilo. Yeye ndiye aliyelipa, ndiye aliyekimbia huku na huku, na alikuwa hajalala.

Mama mdogo alifika kabla ya ibada. Ni yule aliyeketishwa na mama kwenye gogo. Aliolewa juu mlimani, upande wa Kapsokwony, na alikuja kwa pikipiki, amejifunga blanketi kwa baridi ya kule. Jicho moja lina ukungu. Alishuka langoni, akasimama mbele ya bango muda mrefu. Nilidhani analia. Kisha akaliamkia, kwa lugha ya nyumbani, kwa maneno tunayomwambia mgeni ambaye hatujajua ukoo wake. Akangoja. Akauliza:

"Wewe ni wa nyumba gani?"

Waliokuwa karibu walicheka kidogo, halafu wakaacha. Hakuwa anatania. Alikuwa anangoja jibu.

Kaka alikuja haraka akamshika mkono. "Mama mdogo, si ni dada yako. Tulisafisha tu picha."

"Dada yangu hana meno hapa." Akaonyesha kwake, kwa kidole, pengo. "Tuliyaachia pamoja, kwenye gogo."

"Ni mashine iliweka."

"Nasikia mtoto atabeba huyu mbele ya sanduku."

"Ndiyo. Ni vile watu hufanya siku hizi."

"Sasa dada yangu akitoka hapo ndani, atafuata nani?"

"Mama mdogo, ni picha tu, bana."

"Kama ni picha tu, basi iache."

Kaka alinitazama. Nilisema, "Iache." Ni neno moja, lakini sikumbuki kama nimewahi kusema neno kwa nguvu hivyo mbele ya watu. Kaka akapangusa uso kwa mikono yote miwili. Akaenda sebuleni, akaigeuza fremu ikatazama ukuta.

Jeneza lilipotoka, mama mdogo alitangulia. Hakubeba kitu. Alikwenda polepole na blanketi lake katikati ya mahindi yaliyopaliliwa nusu, mdomo wazi kidogo kwa sababu ya kuishiwa pumzi, na sisi tukamfuata. Nilitoa simu yangu, nikataka hata hiyo iwepo. Lakini kulikuwa na jua, na kioo kilikuwa cheusi. Niliona uso wangu, na juu ya bega langu jeneza likija.

Tulipomaliza kuzika na maua yakawekwa, watu wakageuka kurudi uani kula. Mimi nilibaki nyuma. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Kila aliyekuwa akiondoka alikuwa ameligeuzia kaburi mgongo, na kwenye kila mgongo wenye tisheti yule mwanamke alikuwa ameangalia nyuma. Wote walikwenda zao wakiongea habari za chakula na usafiri, naye, akiwa wengi, alirudi nyumanyuma kati ya mahindi akilitazama kaburi la mama na kucheka, hadi kona ya boma.

Nilirudi Matisi. Tisheti hazikuishia pale. Binamu mmoja anayekaa mtaa huu alileta yake kibandani niipunguze, anataka kwenda nayo shamba. Niliigeuza ndani nje ili nisimwone, nikashona. Wino ulikuwa umepenya. Macho yalionekana upande wa pili, hafifu, yamegeuzwa, na niliipitisha sindano kando yake kwa uangalifu ambao sikuuelewa.

Kaka alimtundika sebuleni kwake Bungoma. Wageni humwambia binti yake, "Umetoa tabasamu kwa nyanya." Ukweli ni kwamba mtoto huyo hafanani na mama hata kidogo. Lakini juzi nilipomwona akicheka chini ya ile fremu, niliona kweli wanafanana, yeye na yule.

Hilo lingevumilika. Lililonitisha lilikuja siku nyingine, asubuhi, nikiosha sukumawiki nyuma ya kibanda. Nilimkumbuka mama akicheka habari za kuku. Nilisikia kicheko, sauti ni yake. Nikamtazama kichwani mwangu, na alikuwa na meno yote. Nikajaribu kuyaondoa, kama fundi. Yakarudi.

Niliingia kibandani na mikono imelowa, nikachukua simu yangu, nikaifungua picha ile. Viraka. Nikaisimamisha kwenye cherehani, nikaegemea ukuta, sikutaka kuishika tena. Mteja aliita nje nikaenda mlangoni kumjibu. Nilipogeuka, mama alikuwa kwenye cherehani, anacheka, macho yamebanwa, na pengo liko mahali pake.

Nilisogea. Akavunjika. Nikarudi mlangoni. Akaja.

Tangu hapo najua mahali pa kusimama. Jirani yangu wa simu bado ananiambia ninunue kioo kizuri, na sasa sibishani naye. Amesema kweli: kioo kizuri kinaonyesha kilichopo. Mimi natafuta kitu kingine, nacho kinapatikana mlangoni tu, kwenye kioo kibaya, na betri imeanza kuvimba. Sijui nitafanya nini ikizima.

Mama mdogo alipokuja Kitale kutibiwa jicho alipitia kwangu. Nilimsimamisha mlangoni nikamwambia aangalie pale kwenye cherehani. Aliangalia. Blanketi likamteleza begani na hakulivuta.

"Ndiye huyu," akasema. Kisha akauliza, "Anacheka nini?"

"Nilimwambia kuku amelala kwa kitanda yangu."

"Na alikuwa amelala?"

"Hapana."

Akacheka, kwa lile pengo lake. Kioo kikaanza kufifia, kama kinavyofanya kisipoguswa, nami nikanyanyua mguu niende nikiguse. Akanishika mkono.

"Usisogee," akasema. "Mwache amalize."