Kinywa cha Mgeni

Faki Zahoro alizaliwa Majengo, Pumwani, mjini Nairobi, na watu wa mtaa walimtambua kwa harufu kabla ya kumwona. Jioni akirudi kazini, akina mama waliokaa barazani walimtania kwamba samaki wametangulia, yeye anafuata. Hakuwa mvuvi wala mchuuzi. Kazi yake ilikuwa kuwatunza samaki walio hai, ngege walioletwa kutoka Kisumu kwa gari la moshi ndani ya mapipa ya maji, wakawekwa kwenye matangi ya kioo katika banda moja upande wa Westlands. Mwenye banda alikuwa Mzungu aliyechunguza jinsi samaki na ndege wanavyokula na wanavyokwenda. Wafanyakazi walimpa jina la Bwana Mapezi. Alilijua jina hilo, na hakulichukia.

Faki aliipenda kazi ile kuliko alivyokubali kusema mbele za watu. Mwanzoni alidhani, kama wadhanivyo wengi, kwamba samaki hukiuma chakula chake. Bwana Mapezi, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kubabaisha lakini hakuchoka kueleza, alimketisha mbele ya kioo akamwonyesha. Ngege haumi, anavuta. Hufungua kinywa ghafla, midomo ikachomoza mbele kama mrija, koo likatanuka, huku vifuniko vya mashavu vimebana pande zote mbili. Maji hukimbilia ndani kujaza nafasi ile, na chakula huja pamoja na maji. Ndipo vifuniko hufunguka, maji yakatokea pembeni, chakula kikabaki. Wakati huohuo mapezi ya kifuani hutanuka kama mtu afungaye breki, samaki asije akakipita alichokifuata. Yote hayo kufumba na kufumbua.

Kulikuwa na ngege mmoja aliyeliwa na kidonda hata kifuniko cha shavu lake kikaisha. Faki alimtilia minyoo mbele ya mdomo. Samaki akafungua kinywa, akafungua tena, na mnyoo haukusogea. Maji yalikuwa yakiingilia nyuma, pale palipo wazi. Siku zikapita, samaki akakonda katikati ya chakula, akafa. Bwana Mapezi akasema pampu iliyotoboka haivuti, hata uipige vipi.

Nyumbani Faki alikuwa na mkewe Lela, na mama yake Lela, Bi Muhiba, mjane aliyefuga kuku na njiwa uani. Walikaa muda mrefu bila mtoto, hata watu wakawa wanauliza kwa macho. Mwanzoni mwa mwaka wa 1954 Mungu akawapa binti. Wakamwita Mgeni, jina la nyanya yake mzaa baba.

Mtoto alikuja na sura nzuri na midomo mizima, lakini hakuweza kunyonya. Alilishika titi, akahangaika, akatokwa na jasho, akalala kwa uchovu, na njaa ikamwamsha tena. Maziwa machache aliyoyapata yalimtokea puani. Bi Muhiba akamfukizia, akamletea mtu wa kumsomea dua. Majirani wengine walinong'ona kwamba maziwa ya Lela ni mepesi, wengine kwamba kuna jicho nyumba ile. Lela aliyasikia yote, matiti yamejaa hadi yanauma, na mtoto anakwisha mikononi mwake.

Mchana mmoja Mgeni alikuwa akilia amegeukia mlangoni, kinywa wazi, na mwanga ukamwingia hadi kooni. Faki akainama. Akaona kaakaa limepasuka kuelekea nyuma, ufa mweusi uliofungukia puani. Alikaa chini palepale sakafuni.

"Mama Mgeni," akasema, "maziwa yako hayana kosa. Mtoto anavuta, lakini anavuta hewa."

Akamweleza habari za yule ngege. Kwamba kinywa kinachovuta lazima kifungike pande zote, na cha mtoto wao kiko wazi juu. Lela akalia. Tangu ajifungue hakuwa amelia, na sasa alilia kwa sababu ameondolewa mzigo ambao si wake.

Hospitalini daktari alitazama akasema ni kweli. Ufa kama ule unaweza kushonwa, ila si sasa. Mtoto akue kwanza, apate nyama mwilini, atimize mwaka na zaidi. Akishonwa vile alivyo hataamka. Hadi hapo, wazazi watafute njia ya kumfikishia maziwa tumboni.

Njia aliipata Lela. Alikuwa ameketi uani na mtoto mapajani, akiwatazama ndege wa mama yake kwenye sufuria la maji. Faki aliporudi alimwita aje aone.

"Tazama njiwa," akamwambia. "Anatia mdomo majini na kuvuta tu, kichwa chini, kama mtoto mzima anavyonyonya. Kuku hawezi. Kuku anachota kidogo, anainua kichwa, maji yanateremka yenyewe. Na kuku anaishi, Baba Mgeni."

Tangu siku ile hawakumlaza tena mtoto kwa kumlisha. Walimkalisha wima, na maziwa waliyakamua kikombeni. Kijiko kilimwaga mengi, basi Faki akaenda kwa Bwana Mapezi kumwomba mpira mdogo wenye mrija, wa aina waliyoitumia kulishia vitoto vya samaki. Mzungu akampa mpya. Akamwambia njiwa pia humlisha kinda wake kwa kumsukumia chakula kooni, lakini husukuma, akangoja kinda ameze, ndipo akasukuma tena. Ukiharakisha, alisema, maziwa yataingia mapafuni.

Basi wakalisha hivyo. Faki alikishika kichwa, Lela akabonyeza mpira, tone juu ya ulimi huku nyuma, wakangoja. Koo likicheza, tone jingine. Mlo mmoja ulikula asubuhi nzima. Anyango, jirani wa chumba cha pili, alijifunza kushika kichwa ili Faki aweze kwenda kazini, kwa kuwa Bi Muhiba hakuona vizuri. Polepole shingo ya Mgeni ikaanza kupata mikunjo. Akaanza kufuata sauti kwa macho. Bi Muhiba alimbeba barazani, akawa anawaambia wapita njia, bila kuulizwa, kwamba mjukuu wake anakunywa vizuri.

Mwezi wa Aprili ikaja Operesheni, msako wa serikali wa kuwatafuta Mau Mau. Alfajiri mitaa ya Eastlands ilizingirwa na askari, watu wakatolewa majumbani na kuketishwa chini kwa safu. Waislamu wengi wa Majengo waliachiliwa, lakini mama yake Faki alikuwa Mkikuyu aliyesilimu, na jambo hilo halikuwa siri. Mtu mmoja aliyefunikwa gunia, macho tu yakichungulia, alipita mbele yao. Alipofika kwa Faki aliitikia kwa kichwa, ishara kwamba ni mmoja wao. Nani alikuwa ndani ya gunia, Faki hakujua hadi kufa kwake. Akapakiwa lori na wenzake, wakapelekwa kwenye kambi ya waya kule Langata.

Alihojiwa akajibu, akahojiwa tena akajibu yaleyale. Ramadhani iliandama akiwa humo. Wenzake waliwaza mashamba, kazi na kesi zao. Yeye aliwaza kichwa cha mtoto. Anyango ana wanawe na biashara yake ya mboga; asipokuwapo, nani anakishika? Lela ana mikono miwili tu, mmoja wa mpira na mmoja wa kikombe. Akiwa amelala juu ya changarawe aliinua mkono akaukunja, kama aliyebeba kisogo kidogo, na jirani yake kambini, mzee wa makamo, akamuuliza ana nini. Faki akasema mkono umekufa ganzi.

Askari walipomwambia aende hawakumweleza kwa nini. Baadaye alisikia kuwa Bwana Mapezi alikwenda mara mbili kumwombea na kurudishwa langoni; pengine mara ya tatu alisikilizwa, pengine sivyo. Idi ilikuwa imepita. Alitembea kwa miguu kutoka Langata hadi Majengo. Barazani akina mama walimwona akija, na hapakuwa na utani. Mmoja baada ya mwingine waliinamisha vichwa, na Faki akajua kabla hajavuka kizingiti.

Lela alikuwa ameketi kitandani. Hakusimama.

"Hakufa njaa," akasema. "Nataka ulijue hilo kwanza. Alikufa ameshiba."

Kisha akamsimulia, kwa sauti ya chini isiyopanda wala kushuka. Walimlisha wima kila siku, yeye na Anyango, na Anyango aliacha mboga zake zikanyauka kwa sababu hiyo. Mtoto alikuwa amenenepa. Ikaja mvua na baridi, mtoto akashikwa na kifua. Walimpeleka hospitalini, akalazwa, akadungwa sindano. Daktari alisema ni nimonia, na watoto wenye ufa ule hushikwa nayo upesi, hata walishwe kwa uangalifu gani. Alifariki adhuhuri, katika kumi la pili la Ramadhani. Wanaume wa mtaa walimbeba hadi makaburi ya Kariokor, na Mahmud muuza mkaa akashuka kaburini mahali pa baba wa mtoto.

Faki alikaa kando ya mkewe hadi adhana ya magharibi, na Bi Muhiba akaleta uji, wakaunywa.

Alirudi bandani kwa kuwa hapakuwa na kazi nyingine. Bwana Mapezi alimpa pole kwa Kiswahili chake kilichovunjika. Lakini mwezi mmoja baadaye aliwaonyesha wageni picha za sinema alizozipiga, akizipitisha polepole ili waone kinywa cha ngege kinavyofunguka. Kwenye nguo nyeupe ukutani kinywa kilikuwa kikubwa kama mlango. Kilifunguka taratibu, koo likatanuka, mnyoo ukaelea ndani bila shida yoyote. Wageni wakasifu. Faki aliweka ndoo chini, akatoka, akatembea hadi mtoni. Hakurudi tena kwenye kazi ile. Alipata kibarua cha kupakia magunia kwenye reli, na baadaye wakahamia Mbotela, kwenye nyumba za kaunsili ya mji, yeye, Lela na Bi Muhiba.

Huko, mwaka wa 1957, walijaliwa mtoto wa kiume. Mkunga alimtia kidole kinywani, akapapasa juu, akasema pamefungika. Akampa mama yake. Mtoto akalishika titi na kuvuta kwa nguvu hata Lela akashtuka, na chumba kizima kikasikia anavyogugumia.

Wanawake wakamtazama Faki, wakingoja acheke. Akawashukuru mmoja mmoja, akamshukuru Mungu, kisha akaomba radhi na kutoka nje. Lela alimfuata kwa macho hadi mlangoni, hakumwita. Yeye pia alikuwa akilia, na mtoto juu ya kifua chake aliendelea kunywa.